Majina ya Mitaa, Toka Ruiru Hata Thika

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Thika, mwendo wa kilomita 40 na ushei, hupita mitaa ambayo majina yake yana habari kuliko nyumba zake. Kabla hajafika Ruiru atamsikia utingo akinadi, "Kahawa Wendani! Kahawa Sukari!" Naye akichungulia dirishani autafute mbuni, haoni ila maghorofa ya kupanga, nguo zilizoanikwa na maduka yasiyo idadi.

Zamani sivyo ilivyokuwa. Reli ilipofika Thika mwaka 1913, sehemu kubwa ya ardhi ya pande hizi ilikuwa mikononi mwa walowezi. Palipo na mvua walipanda kahawa, na palipo pakavu wakapanda mkonge. Wafanyakazi walikaa katika kambi za mashamba, wala hawakuwa na haki juu ya hata hatua moja ya udongo walioulima. Aliyeachishwa kazi aliachishwa na nyumba pia.

Katika mji wa Thika uko mtaa uitwao Makongeni, yaani penye mikonge. Mtoto wa huko akiulizwa leo mkonge ni mmea gani, huenda akajibu kuwa ni kamba! Thika iligeuka mji wa viwanda, vya nguo, vya ngozi, na cha kutia mananasi mikebeni, na waliokuja kutafuta kazi walihitaji mahali pa kulala. Wenye mshahara wa kutosha walipata vyumba. Wasio nao walijijengea vibanda Kiandutu, jina la Kikuyu ambalo maana yake ni mahali pa funza. Jina hilo halikutungwa na mpiga ramani. Lilitoka kwa watu walioumwa miguu, nami naliona kuwa la kweli kuliko mengi yaandikwayo sasa kwa Kiingereza kwenye malango ya mitaa mipya.

Baada ya uhuru wa 1963, makampuni ya ununuzi wa ardhi yaliwakusanya wananchi wanunue hisa, yakayanunua mashamba ya walowezi na kuyagawa. Hivyo wengi wa Ruiru walipata shamba, kisha shamba likakatwa viwanja. Barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012, bei ya kiwanja ilipanda kuliko faida ya kahawa ya miaka mingi. Hesabu ya watu ya 2009 iliikuta Ruiru na watu zaidi ya 238,000. Ya 2019 ikakuta 490,000. Ndugu mdogo amempita Thika, mkubwa wake, karibu mara mbili. Hata shamba kubwa la kahawa la Tatu linajengwa mji.

Simlilii mlowezi na kahawa yake, kwa kuwa mchumaji hakuachiwa kitu. Lakini udongo ule mwekundu ukishafunikwa saruji haurudi kuwa shamba, na mpangaji wa ghorofa ya tano, kama mtu wa kambi ya zamani, hana haki juu ya udongo ulio chini yake.

Jambo la ajabu ni hili: mkulima wa Kirinyaga au Kisii, hata asiyewahi kufika huku, analijua jina la Ruiru kwa sababu ya mbuni uitwao Ruiru 11, uliotolewa mwaka 1985, ustahimilio chulebuni na kutu ya majani. Kituo cha utafiti kilichouzalisha kingali Ruiru, na majirani wake sasa ni maghorofa.