Binti Yetu na Kazi ya Saluni



Ndugu wazazi, nanyi vijana mnaosubiri matokeo ya mitihani, baadhi ya majirani wametuomba tueleze ilikuwaje binti yetu akaingia kwenye kazi ya saluni nasi tukaridhia. Ukweli ni kwamba mwanzoni hatukuwa na kauli moja. Mmoja wetu alitaka asomee uuguzi. Mwingine alikuwa akimwona tangu mdogo anavyowasuka watoto wa mtaa mzima hapa Buyenzi, Bujumbura, akajua mkono ule umeshachagua. Alipomaliza sekondari mwaka 2019 alituambia wazi kwamba anataka kusuka, kuchora hina na kupamba mabibi harusi. Shangazi yake aliposikia akasema hiyo ni kazi ya wahuni, na kwamba ndoa za watu zinavunjiwa saluni kwa maneno. Tunamheshimu sana shangazi, ila wiki ya Idd yeye ndiye wa kwanza kufika kwa msusi.

Tulikwenda kwa shehe wetu tukitarajia jibu la ndiyo au hapana. Hakutupa. Alisema kujipamba kwa mwanamke si haramu kwa asili yake, hina inajulikana tangu zama za Mtume (S.A.W.), na mwanamke anayewahudumia wanawake wenzake nyuma ya pazia anakula chumo la halali. Kisha akatutajia yaliyokatazwa katika hadithi zilizomo ndani ya Bukhari na Muslim: kuunganisha nywele, kuchanja chale, kunyonyoa nyusi, na kuchonga meno ili yaachane kwa ajili ya urembo. Kuhusu kusukia nyuzi za sufi na mfano wake, alisema wanazuoni wamehitilafiana, na Imam Nawawi ameitaja hitilafu hiyo katika sharhe yake ya Sahih Muslim. Binti yetu aliandika yote kwenye daftari. Tukatoka pale tukidhani tumemaliza.

Jambo lililotaka kutuvunjia heshima halikuwa kwenye daftari lile.

Tulimpeleka kujifunza kwenye saluni moja yenye wateja wengi. Tuliuliza kama wanaume wanaingia, tukaambiwa hapana. Tukauliza saa za swala, tukaridhika. Hatukuuliza vile vikopo vya rafuni vina nini. Baada ya miezi saba alikuwa ameshaaminiwa kuchora peke yake, na Alhamisi moja jioni akaletewa bi harusi, binti wa jirani yetu, ndoa ikiwa ni Jumamosi. Bi harusi alitaka maua meusi, na yawe yamekolea usiku uleule. Mwenye saluni akampa binti yetu piko, akachora mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko. Ilipendeza kweli, hatutasema uongo.

Jumapili bi harusi hakuweza kukunja vidole. Kila palipopita ua palikuwa pamevimba na kufanya malengelenge yenye maji, kana kwamba amechorwa kwa kaa la moto. Mama yake alikuja kwetu baada ya Magharibi akiwa amemshika bega.

"Jirani, sikuja kugombana," alisema. "Nimekuja mmuone mkono wa mtoto wenu."

Hatukuwa na la kujibu. Binti yetu alikuwa nyuma ya mlango akisikia.

Daktari alituuliza kama bi harusi aliwahi kutia nywele rangi nyeusi. Naam, Idd iliyopita. Akatueleza kwamba ndani ya unga ule kuna kemikali ya kutia weusi inayoitwa parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD. Mwili ukishaikataa mara moja, huikumbuka maisha yote, na mara ya pili huwaka kwa haraka zaidi. Nchi za Umoja wa Ulaya zinairuhusu katika rangi za nywele tu, nayo isizidi asilimia 2 inapopakwa kichwani, na haziruhusu ipakwe kwenye ngozi. Hina ya majani haina weusi huo. Hutoa rangi ya machungwa, ikakolea taratibu kuwa kahawia iliyoiva kwa siku moja au mbili. Anayekupa hina nyeusi tii kwa saa moja ameshakutilia kitu kingine.

Mwenye saluni alipoambiwa alijibu kwamba yeye hakushika kalamu. Kwa hiyo gharama za hospitali zikawa zetu, na cherehani ya nyumbani ikauzwa.

Binti yetu alisema hatashika tena mkono wa mtu. Hapo ndipo mambo yalipogeuka, maana yule kati yetu aliyekuwa akitaka uuguzi ndiye aliyemwambia asiache. Alimwambia, "Mwanangu, sasa umejua kitu ambacho waliokufundisha hawakutaka kukijua. Ukiondoka wewe, kalamu anabaki nayo nani?" Tulibishana siku nyingi. Hatukumlazimisha, na ilichukua karibu miezi minne kabla hajakoroga hina tena.

Hakurudi kwenye saluni ile. Alipoanza kutueleza mambo yake ya ndani tuliona hata nywele hazikuwa ndizo zinazolipa kodi. Iliyolipa ilikuwa mkorogo, yaani krimu za kujichubua zinazochanganywa kwenye ndoo na kuuzwa kwenye vikopo visivyo na karatasi. Jirani zetu wa Rwanda waliingia madukani kuzisaka mwishoni mwa mwaka 2018. Nyingi zina haidrokwinoni, nyingine zina zebaki, inayoharibu figo na kumfikia hata mtoto aliye tumboni. Mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana kwamba ifikapo 2025 vipodozi vyote vyenye zebaki vipigwe marufuku. Ndoo ile haikuwa na habari za mkataba.

Sasa anafanya kazi kwenye chumba chetu cha mbele, pazia limeshushwa, na bila piko wala mkorogo. Mwaka wa kwanza alichopata hakikutosha kununua drayer, tukamsaidia. Bi harusi huambiwa aje siku mbili kabla, na siku chache kabla ya hapo apakwe tone dogo nyuma ya sikio lisubiriwe. Wengine husonya wakaondoka. Shaaban iliyopita walikuja wanne, wakabaki wawili. Tunawaambia haya ninyi mnaotaka kumpeleka mtoto wenu kujifunza: ingieni, ombeni kuoneshwa rafu, na muulize nani atajibu mteja akiumia.

Mmoja wa wale wawili waliobaki alikuwa mdogo wake bi harusi yule wa Alhamisi. Mama yao alikuja naye, akakaa chumbani muda wote, na kabla ya chochote akaomba aoneshwe unga ukiwa mkavu. Binti yetu akamfungulia mfuko. Mama akanusa, akachovya kidole, akaukoroga mwenyewe kwa maji ya ndimu, kisha akamrudishia bakuli.