Tambi baridi za kambo wa Busan

Kule Korea ya Kusini watu wako na chakula chao cha siku za joto kali. Ni tambi nyembamba za unga wa ngano, ndugu za spageti yetu. Wanazipika, wanaziosha na maji ya baridi sana, kisha wanazichanganya na pilipili nyekundu, siki na sukari. Wanaita bibim-guksu. Baridi na pilipili katika sahani moja! Siku ya kwanza nilisema katika moyo: hawa watu wanatafuta nini?

Bwana yangu alipata bursi ya kusoma mu Busan, muji mukubwa wa bandari, na tulikaa kule na watoto wetu wawili tangu 2016 mpaka 2018. Mwezi wa saba na wa nane, wakati huku Likasi tuko mu kipwa na watoto wanavaa triko asubuhi, kule joto na unyevu wa bahari vinakukamata kama mvuke wa chungu. Kusonga bukari katika kile chumba kidogo ilikuwa mateso.

Mwenye nyumba alikuwa mjane mzee, mwenye kupita miaka 70. Watoto walimwita halmoni, ndiyo kusema kambo. Mchana mmoja aliniona natoka jikoni jasho linatiririka, akanishika mkono, akanipeleka kwake. Kikorea changu kilikuwa cha sokoni tu. Alinifundisha kwa mikono.

Kwa watu wane unachukua gramu 400 za tambi. Maji yakitokota, unazitia. Povu likipanda, unamwaga kikombe kimoja cha maji ya baridi, linashuka. Likipanda tena, unarudilia. Dakika tatu au ine, basi, zimeiva. Sasa hapa ndipo kuna kazi: unazimwaga mu chujio na kuzisugua na mikono miwili ndani ya maji ya baridi, sawa vile mtu anafua nguo, mpaka ule utelezi wote utoke. Usipozisugua, zitashikana kama gundi. Kambo alikuwa anabadilisha maji mara tatu, na mara ya mwisho alitia barafu.

Pilipili yao ya kuchanganya inaitwa gochujang. Si pilipili tupu. Ni unga wa pilipili, wali wa kunata, soya iliyochachishwa na chumvi, vinakaa miezi mingi katika mitungi ya udongo. Unatia vijiko vine vya gochujang, vitatu vya siki, viwili vya sukari, kimoja cha mchuzi wa soya, kitunguu saumu kilichopondwa na mafuta ya ufuta. Unachanganya na mkono. Juu yake konkombre iliyokatwa nyembamba, kimchi (ndiyo shu yao ya kuchachisha) na nusu ya yai. Unakula palepale. Mdomo unawaka, jasho linatoka, kisha mwili unapoa. Kumbe ndiyo walichokuwa wanatafuta!

Vijana, mjue na hii: kule tambi ni chakula cha arusi, juu ya urefu wake, watu wapate maisha marefu. Wakikuuliza, "Utatulisha tambi lini?", wanauliza utaoa lini. Mdogo wa bwana yangu alipokuja kututembelea aliulizwa mara tatu kwa juma moja.

Lakini kambo hakuwa mtu wa Busan. Alizaliwa Hamhung, upande wa kaskazini. Mwezi wa 12 mwaka 1950, wakati wa vita, watu karibu 100.000 walikimbia kwa meli kutoka bandari ya Heungnam, karibu na Hamhung. Meli moja tu, Meredith Victory, ilibeba watu karibu 14.000, ikafika kisiwa cha Geoje siku ya Noeli. Watoto watano walizaliwa ndani yake, na mabaharia Wamarekani waliwapa majina ya Kimchi wa kwanza mpaka Kimchi wa tano. Kambo alikuwa na miaka saba. Alikuja na mama yake katika moja ya zile meli. Baba alibaki kulinda wazazi wake wazee. Walisema ni siku chache tu. Mwaka 1953 vita vilisimama, mpaka ukafungwa. Hawakumwona tena.

Tambi za Hamhung zinatengenezwa na unga wa wanga wa viazi, ni ngumu kama mpira. Mu Busan wakimbizi hawakuupata. Kilichokuwako ni unga wa ngano wa msaada wa Wamarekani, basi wakafanya tambi na ule. Mpaka leo Busan inasifiwa kwa tambi baridi za ngano, milmyeon, na wageni wanapanga mstari. Kambo aliniambia kama mama yake, kila alipoonja, alisema: "Hii si yenyewe." Na kila mwaka, joto likifika, aliipika.

Nilimwambia kama na mimi, nikiwa mtoto, niliona mu 1992 na 1993 familia zimelala stesheni ya Likasi pamoja na vyungu na magodoro, zinangoja treni ya kwenda Kasai, bantu ambao wengine walizaliwa papa hapa. Jirani yetu alituachia kinu chake. Kambo aliuliza tu: "Walirudi?" Nikamjibu kama wengine walirudi. Akatikisa kichwa, akaendelea kusugua tambi.

Huku nyumbani ninaipika mwezi wa kumi, mbele ya mvua, joto likizidi. Mama, sikiliza vizuri juu ya maji: usioshe tambi zilizoiva na maji ya bomba wala ya kisima, kolera tunaijua. Chemsha maji jana yake, yafunike, yapoe usiku mzima, ndiyo uoshee. Na barafu vilevile, ya maji yaliyochemshwa. Konkombre ioshe na maji hayohayo, kisha menya.

Gochujang sina. Ninaponda pilipili kavu na tomate ya kopo, sukari, siki na karanga kidogo zilizosagwa. Pilipili yetu ndogo ni kali kupita yao, kijiko kimoja kinatosha. Mtoto wangu mkubwa, anayekumbuka Busan, anaonja na kukunja uso: "Mama, hii si ile ya halmoni." Mdogo wake amekwisha kusukuma sahani mbele, anataka ingine.