Amplifaya ya Kale na Amplifaya Mpya

Wahenga walituachia methali mbili zisizopatana. Moja yasema, ya kale ni dhahabu. Ya pili, kipya kinyemi ingawa kidonda. Sisi wapiga gitaa tumezisikia zote mbili kila tulipokutana kuamua amplifaya ya kununua, na kila upande huishika methali yake kama ngao. Lakini fedha za kikundi ni jasho la wengi, na methali haiwezi kusikiliza kwa niaba yetu.

Tuchukue mfano mmoja. Mwaka 1992 kampuni ya Peavey ya Marekani ilitoa amplifaya iliyoitwa 5150, iliyobuniwa kwa ushirikiano na mpiga gitaa Eddie Van Halen. Ina nguvu ya wati 120. Ndani yake mna vali za kioo: tano ndogo za kuikuza sauti hatua kwa hatua, na nne kubwa za kuisukuma hadi kwenye spika. Sauti hukuzwa hata ikapita kiasi, ikawa nzito yenye mkwaruzo, ile waipendayo wapigaji wa roki nzito. Ushirikiano huo ulipokwisha mwaka 2004, chombo kiliendelea kuundwa kwa jina la 6505. Jina lilibadilika, mpangilio wa ndani ulibaki karibu ule ule. Hata hivyo, wako walio tayari kulipa zaidi kwa ajili ya namba ya kale. Je, wanunua sauti au jina?

Sisi tulifunika majina kwa kitambaa, tukamwomba mwenzetu apige gitaa lile lile, kwa spika ile ile. Wengi hatukuweza kutaja ipi ni ya kale.

Tofauti ya kweli iko kwingine. Toleo la 5150 II, ambalo baadaye liliitwa 6505+, lina vali ndogo sita, na kila njia ya sauti ina vidhibiti vyake vya toni. Katika toleo la kwanza njia mbili hutumia vidhibiti hivyo kwa pamoja. Ukiirekebisha sauti nzito, na ile safi hubadilika. Tena, umri una gharama: vali huchoka na kapasita hukauka. Kazi hiyo ni ya fundi mjuzi, kwani umeme wa kuua waweza kubaki ndani hata baada ya chombo kuzimwa.

Katika muziki wetu wa dansi, gitaa la solo, la rithimu na la besi husemezana, na kila moja sharti lisikike wazi. Mkwaruzo mwingi ungeyafunika mazungumzo hayo. Kwa kuwa kikundi chetu hupiga dansi na roki pia, tulichagua toleo lenye vidhibiti mbalimbali. Kikundi cha roki tupu kingeweza kuchagua lile la kwanza, nacho kisingekosea.

Basi, vijana, chombo kisihukumiwe kwa umri wake wala kwa jina lake. Kipimwe kwa kazi kitakayoifanya, na sikio lililo huru ndilo liwe hakimu.