Daftari la Viungo

Nilishuka chemba ya kebo za simu kwa mara ya kwanza mwaka 1991, pale Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, nikiwa na miaka ishirini na viatu vya kuazima. Maji ya masika tulikuwa tumeyapiga pampu asubuhi nzima na bado yalifika kifundoni. Mzee niliyekabidhiwa kwake ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele yake kebo ya shaba imefumuliwa kama pweza, mamia ya jozi za nyaya zilizovishwa karatasi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika bila kugeuka, akanipa kitambaa nimshikie. Nilishika kitambaa wiki tatu.

Kilikuwa kitambaa kinene kilichopakwa mafuta ya mnyama. Ukishamaliza kuunga nyaya na kukausha unyevu, unalifunika lile fundo kwa bomba la risasi, kisha unamwaga lehemu ya risasi iliyoyeyushwa na kuifinyanga kwa kitambaa hicho kabla haijaganda. Ukichelewa inakuwa jiwe, na ukiwahi inachuruzika yote chini. Hakuna kitabu kinachoweza kukwambia sasa ndiyo sasa. Mkono ndio unaojua, na hauwezi kujua kabla hujaharibu mara kadhaa mbele ya mtu anayekuonea haya lakini hakufukuzi.

Mzee wangu alifundishwa Mbagathi, Nairobi, enzi ambazo posta na simu za Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa shirika moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 alirudi na sanduku lake la vyombo, na baadaye akaanza kuandika daftari. Kila kiungo alichofunga kilikuwa na mstari wake: tarehe, chemba, idadi ya jozi, nani kaunga, nani kakagua. Safu ya mwisho aliiacha wazi. Hiyo ilijazwa mvua zikishapita, kwa sababu karatasi ikipata maji simu inaanza kukoroma, na hapo ndipo unajua nani aliunga na nani alicheza. Mwanagenzi hakuruhusiwa kufunga risasi peke yake mpaka jozi mia tano za mkono wake ziwe zimevuka masika moja salama. Mimi nilivuka masika ya pili. Ya kwanza iliniangusha na jozi kumi na moja.

Naeleza haya kwa sababu vijana wakisikia mambo ya shaba na risasi hudhani tunasimulia habari za kale. Utaratibu wa lile daftari ndio jambo bora kuliko yote niliyoyaona katika kazi hii kwa zaidi ya miaka thelathini, na tuliutupa pamoja na shaba.

Mageuzi yalikuja haraka. Sheria ya 1993 ililigawa shirika la posta na simu la Tanzania, na kuanzia Januari 1994 kampuni ya simu ya TTCL ikasimama peke yake. Mwaka huohuo simu ya kwanza ya mkononi ikaanza nchini kupitia Mobitel. Vodacom ikaja mwaka 2000, Celtel mwaka uliofuata, na Februari 2005 haki ya kipekee ya TTCL katika simu za mezani ikafikia ukomo. Kwa mteja yalikuwa mema matupu. Aliyekuwa anasubiri laini miaka alinunua kadi dukani. Kwa fundi, jambo moja lilipotea kimyakimya. Mwajiri mmoja alipogawanyika kuwa kampuni nyingi, na kila kampuni ikatoa kazi kwa mkandarasi, na mkandarasi akampa mkandarasi mdogo, na huyo akachukua vibarua kituo cha daladala, hapakubaki mtu hata mmoja katika mnyororo ule aliyekuwa na sababu ya kumwacha kijana ashike kitambaa wiki tatu. Mimi mwenyewe wakati huo nilikuwa nimeshahamia kwa wakandarasi. Nililipwa kwa mita, nami nikafundisha kwa mita, yaani sikufundisha.

Mwaka 2009 ndipo tulipoanza kuumbuka. Julai kebo ya chini ya bahari ya SEACOM ilizinduliwa ikiwa imetua Dar es Salaam, na nchi kavu Mkongo wa Taifa wa mawasiliano ukaanza kuchimbiwa mitaro. Kwa miaka michache tu maelfu ya kilomita za faiba zikalala chini ya udongo huu. Mikataba ya aina ile huwa na kifungu cha kuwajengea wazawa uwezo, na kifungu hicho ndicho kilichonipeleka hotelini, Dodoma, siku kumi.

Tulikuwa watu ishirini na wawili na mashine moja ya kuungia. Mwalimu alitoka nje ya nchi, alijua kazi yake, hilo nalishuhudia. Lakini alisema kupitia mkalimani, mkalimani hakuwahi kuunga waya maishani mwake, na kilichotufikia kilikuwa kama chai iliyochujwa mara tatu. Asubuhi slaidi, mchana wali kuku, alasiri mmojammoja tunapanga foleni kwenye mashine. Katika siku kumi niliunga viungo viwili na kimoja kilikatika. Siku ya kufunga nikapewa cheti chenye muhuri wa dhahabu, nikasaini posho, nikapiga picha. Sikumwambia mtu kwamba sijui. Wenzangu ishirini na mmoja nao hawakusema.

Miezi minane baadaye, jioni moja, kijiko cha watengeneza barabara kilikata kebo karibu na Gairo. Nyuzi ishirini na nne. Sisi wenye vyeti ndio tulioitwa. Mashine ilikuwa ghalani imefungiwa, kwa kuwa mkubwa mmoja aliona ni ya bei kubwa mno kuguswaguswa, na mwenye ufunguo alikuwa msibani Kondoa. Ilitufikia saa saba usiku.

Asiyeijua kazi hii afikirie hivi. Uzi wa kioo ukishauvua koti lake la plastiki una unene wa maikromita 125, karibu na unywele mnene. Mwanga haupiti katika unene wote huo. Unapita katika kiini cha maikromita 9 hivi. Viini viwili lazima vikutane uso kwa uso. Unaufuta uzi kwa spiriti, unaukata kwa kisu chake maalumu mpaka ncha iwe bapa, isipinde hata nyuzi moja ya pembe, unauweka kwenye mashine, cheche inapigwa, vioo vinayeyuka na kushikana. Jasho la kidole linaharibu. Vumbi la Gairo, ambalo halina msamaha, linaharibu zaidi. Tulifanya kazi ndani ya pikapu, tumefunika madirisha kwa shuka, taa ya simu mdomoni.

Mashine ilituandikia hasara ya desibeli 0.02 kwenye kila kiungo na sisi tukashangilia. Alfajiri wenzetu wa kituoni wakapima laini kwa OTDR, kifaa cha kupimia faiba kwa mwanga, na kutuambia viungo saba ni vibovu. Hapo ndipo nilijifunza, miezi minane baada ya cheti, kwamba ile namba ya mashine ni makisio yake tu kwa kutazama picha ya uzi. Na vitano kati ya vile saba havikuwa na kosa lolote kwenye kiungo: tuliupinda uzi mno wakati wa kuukunja ndani ya kasha. Kwenye mwanga wa nanomita 1310 vitano hivyo vilionekana safi. Kwenye 1550 hasara ilipanda, maana mwanga huo hauvumilii kona kali. Fundi aliyeunga viungo mia analijua hilo usingizini. Tulirudisha mawasiliano saa sita mchana. Mitaa mingapi ilikaa bila intaneti siku ile sikutaka hata kuuliza.

Hatukuwa wavivu wala wajinga. Mkataba uliomleta yule mwalimu ulihesabu siku na vichwa: siku kumi, watu ishirini na wawili, vyeti ishirini na viwili, kifungu kimetekelezwa. Haukuhesabu viungo. Wangeandika kwamba kila mshiriki aunge viungo mia mbili vikapimwa pande zote mbili, wangelazimika kuleta mashine sita badala ya moja na kukodi karakana badala ya hoteli. Nimeona baada ya hapo mafunzo mengi ya aina hiyo, ya faiba, ya redio, ya umeme wa minara, na karibu yote yamehesabu siku.

Tangu 2014 nina banda langu Kibaha. Si chuo. Vyuo vya VETA na DIT vinatoa nadharia nzuri kuliko yangu na wengi wanaokuja kwangu wametokea huko. Nina mashine mbili kuukuu, vipande vya kebo vilivyookotwa kwenye miradi, na daftari. Sharti ni viungo mia tatu kabla ya kugusa kebo yenye mawasiliano, kila kimoja na mstari wake, nami nakagua. Isipokuwa viungo hamsini vya mwanzo, hivyo huwa tunavitupa bila kuvipima, visimvunje mtu moyo.

Fundi bora niliyewahi kumfundisha alikuwa msusi. Alikuja na kidato cha nne na miaka sita ya kusuka rasta uswahilini. Vijana wa kiume bandani walimcheka siku ya kwanza. Siku ya nne walikuwa wanamwita dada na kumwomba awashikie ncha. Vidole vyake vilikuwa vimeshazoea kutenganisha kitu chembamba saa tano mfululizo bila kukasirika, na hiyo ndiyo nusu ya kazi.

Mwingine, mwerevu sana, alikuwa anaunganisha uzi wa kijani na wa kahawia kila mara. Nyuzi hupangwa kwa rangi kumi na mbili, kuanzia buluu, chungwa, kijani, kahawia, na kuendelea. Nilimgombeza wiki nzima kwa uzembe kabla ya kugundua kwamba macho yake hayatofautishi rangi hizo. Ninamwomba radhi hadi leo. Sasa anasoma michoro ya OTDR vizuri kuliko mimi, maana mchoro hauna rangi, na kila anayeingia bandani namfanyia kwanza jaribio la macho kwa nyuzi za cherehani.

Waajiri hunilalamikia kwamba ukimfundisha kijana anahama. Kweli wanahama. Wangu wako Mwanza, wako Lubumbashi, wawili wako Muscat. Kwa maoni yangu mwenye kulalamika hivyo mwenyewe alimchukua fundi aliyefundishwa na mwingine, ila hakumbuki. Mimi nilifundishwa kwa gharama ya mashirika mawili yaliyokufa.

Kinachonisumbua ni maghala. Kila kampuni niliyowahi kuifanyia kazi ina kabati lenye mashine ya kuungia iliyopitwa na toleo jipya, elektrodi zimechoka, betri imekufa, na mtu anailinda kwa kufuli. Elektrodi hubadilishwa na betri inapatikana Kariakoo. Kama unashika ufunguo wa kabati kama hilo, au unamjua anayeushika, usiiache mashine izeeke humo. Ipeleke chuo cha ufundi kilicho karibu nawe, au kwa fundi yeyote anayefundisha, hata kama si mimi. Jumatatu ninaanza na vijana tisa, na moja ya mashine zangu mbili imegoma tangu Ijumaa.