Shule ya Pili na Kiwanja cha Mpira

Kazi yangu ni elimu ya watu wazima. Kazi hiyo hunipeleka Kibiti, Bungu na vijiji vya delta ya Rufiji. Wanakisomo hunieleza mengi. Siku hizi wengi hunieleza habari za shule ya sekondari ya pili.

Habari hizo hazikuanza leo. Mwaka 2004 Serikali ilianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, na shule za kata zikaenea nchini. Januari 2016 ada ikaondolewa kuanzia kidato cha kwanza mpaka cha nne. Madarasa yakajaa. Kuanzia 2021 zikajengwa shule nyingine, hasa pale wanafunzi walipobanana au walipotembea mwendo mrefu. Wazazi walifurahi. Lakini mzee mmoja aliniambia kwa uchungu, "Mwalimu, shule ya pili imetuulia timu."

Tusimcheke mzee huyu. Hesabu yake ni ya kweli. Mpira wa miguu unataka wachezaji 11, na wengine wa akiba. Shule yenye wanafunzi 600 huchagua kati ya 600. Wakigawanywa, mlinda mlango huenda huku na mfungaji huenda kule. Mwalimu anayejua mchezo ni mmoja, naye hawezi kukatwa vipande viwili.

Tena shule mpya huanza na kidato cha kwanza peke yake. Watoto wa miaka 13 au 14 hukutana uwanjani na vijana wa kidato cha nne wenye ndevu. Hufungwa mabao mengi, na watazamaji hucheka. Shule hiyo haipati kidato cha nne mpaka mwaka wake wa nne. Wakati huohuo, shule ya zamani hupungukiwa wachezaji kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka.

Lakini mimi nahesabu na wasichana. Mpira wa pete unataka wachezaji 7. Mazoezi huanza saa kumi jioni, na jua huzama kiasi cha saa kumi na mbili na nusu. Msichana anayeishi kilomita 8 kutoka shuleni hawezi kubaki. Nani atamruhusu binti yake apite porini gizani? Shule ikiwa jirani, anabaki, anacheza, na anafika nyumbani kukiwa na mwanga. Palipokuwa na wasichana 7 wanaocheza, sasa wapo 14. Kwangu mimi jambo hili lina uzito kuliko kombe.

Huko delta kuna jambo jingine. Timu bila mpinzani hufanya nini? Kwenda kucheza kijiji kingine ni safari ya mashua, na mashua hufuata maji. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku hukawia kwa kiasi cha dakika 50. Mechi iliyofaa Jumamosi hii saa kumi, Jumamosi ijayo itawakuta wachezaji wamekwama kwenye tope la mikoko. Wakati wa maji mafu ni afadhali kidogo. Petroli nayo ni ghali. Shule ya pili inayofikika kwa miguu huleta mpinzani karibu.

Na waliotenganishwa hukutana tena. Katika mashindano ya UMISSETA, shule hushindana kwanza. Kisha wilaya huchagua wachezaji bora kutoka shule zake zote, na mkoa nao huchagua kutoka wilaya zake. Hapo mlinda mlango na mfungaji wetu huvaa jezi moja.

Kinachonitia wasiwasi ni ardhi. Ramani ya shule huonyesha madarasa, maabara na vyoo. Kiwanja hukumbukwa mwisho, wakati mikorosho ya watu imeshazunguka pande zote. Kiwanja cha mita 105 kwa 68 hutaka karibu ekari moja na robo tatu. Cha mpira wa pete ni mita 30 na nusu kwa 15 na robo. Ardhi ya kijiji hugawiwa kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Basi swali la kiwanja liulizwe hapo, kabla ya tofali la kwanza.

Mtu atasema ardhi ya mwinuko ni chache. Ni kweli. Mafuriko ya Aprili 2024 tuliyaona sote. Mwinuko uwe wa madarasa. Kiwanja kinaweza kukaa bondeni. Maji yakikifunika masika, yatapungua, na kiangazi watoto watacheza. Darasa likifunikwa, vitabu haviponi.

Kijiji kimoja nilichopita walikuwa wamekwisha kupima kwa kamba na kuchomeka vigingi vinne. Mikorosho mitano imo ndani ya vigingi. Mwenyewe hakatai, ila anataka fidia yake kwanza, na ana haki. Mkutano umepangwa tena baada ya mavuno.