Mkutubi Aliyefuata Raundi

Mwezi uliopita nilikwenda kumjulia hali shemeji yangu, aliyelazwa katika hospitali ya mkoa niliyofanyia kazi ujanani, kule kusini. Nilipotoka wodini nikazunguka nyuma ya maabara kwa mazoea tu, nikakuta ukuta wa maktaba umebomolewa. Mafundi walikuwa wanakiunganisha chumba kile na stoo ya jirani ili zipatikane wodi za kulipia. Daktari kijana, interni, alikuwa amesimama kivulini na simu yake. Tulipokwisha kusalimiana nikamwambia kuwa hapa palikuwa na maktaba. Akaniuliza kwa adabu kabisa, "Wagonjwa walikuwa wanakuja kusoma magazeti, mzee?"

Simlaumu. Chuoni kwao maktaba ipo, kama ilivyo Muhimbili na KCMC, lakini hajapata kuona hospitali ya kawaida yenye mkutubi wake. Ila swali lile limenikera kuliko nyundo za mafundi, ndiyo maana naandika.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo. Kulikuwa na rafu za mninga pande tatu, meza ndefu katikati, na dirisha la wavu lililotazama mwembe. Kabla hujaona kitabu, harufu ilikupokea: naftalini kwenye droo za kadi, gundi ya kubandikia migongo ya vitabu, mafuta ya taa yaliyopakwa kwenye miguu ya rafu kuzuia mchwa, na spiriti iliyovuja kutoka maabara. Masika ukungu uliongezeka juu ya hayo yote. Hadi leo nikipita mahali panaponuka naftalini, najikuta natafuta kalamu mfukoni.

Mwenye chumba alikuwa mama mfupi wa makamo, kanga begani juu ya gauni la kazi, miwani imefungwa uzi. Tulimwita Mama Vitabu. Alijifunza ukutubi kwenye Huduma za Maktaba, akaletwa kwetu, akaanza kujifunza magonjwa kwa kupanga vitabu vyake. Alifuata mpangilio wa Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani: watoto WS, uzazi WQ, magonjwa ya kuambukiza WC. Wanafunzi wa uuguzi walicheka kila walipoiona ile WC rafuni. Mama Vitabu aliwaacha wacheke wamalize, kisha akawauliza malaria iko namba ngapi. Asiyejua kuwa ni 750 alirudi kesho yake kuulizwa tena.

Mimi nilikuwa tabibu msaidizi, si daktari. Kwake yeye, kila aliyevaa koti jeupe akaja na swali aliitwa "daktari", na asiyeuliza aliitwa kwa jina lake tu, hata angekuwa mganga mfawidhi. Ukichelewesha kitabu hukutozwa pesa. Ulipewa brashi na gundi ukae mezani ubandike migongo iliyolegea. Nimewaona mabingwa wa upasuaji wakibandika. Kitabu kimoja hakikutoka chumbani kwa mtu yeyote: kile alichokihariri Maurice King juu ya utabibu katika nchi zinazoendelea, kilichotokana na mkutano wa Makerere na kutoka mwaka 1966. Kilikuwa kimekwisha kurasa, lakini ndicho kilichotufundisha kufanya kazi na kidogo kilichopo, na kwetu kidogo ndicho kilichokuwepo siku zote. Hizo ndizo zilizokuwa zama za foleni za sabuni, na msomaji wa rika langu hahitaji nieleze zaidi.

Jambo lililomtofautisha na watunza vitabu wengine ni kwamba alifuata raundi za madaktari wodini. Kila Jumatano alijiunga nyuma kabisa ya msafara, nyuma ya mwanafunzi aliyebeba mafaili, na daftari lake la mistari. Hakusema neno kitandani. Alisikiliza mahali ambapo daktari alisita, mahali aliposema "tutaangalia", akaandika. Alasiri ulikuta kadi kwenye ofisi ya wodi: swali juu, jibu chini, jina la kitabu na ukurasa. Pasipokuwa na jibu aliandika "natafuta", na kweli alitafuta. Baadaye sana nilisoma kwamba mwaka 1971, huko Kansas City, Marekani, mkutubi Gertrude Lamb alianza kuwapeleka wakutubi wodini pamoja na madaktari, na jambo hilo likahesabiwa kuwa jipya katika taaluma yao. Mama Vitabu hakuwahi kumsikia. Alikwenda wodini kwa sababu aliona kuwa wenye maswali hawana muda wa kuja kwake.

Nitasimulia kisa kimoja. Waliletwa mama na wanawe wawili kutoka kijiji kimoja, miguu imekakamaa, wakitembea kwa vidole vya mbele kwa kushikiliwa. Ilianza ghafla, bila homa. Mmoja wetu alisema ni polio, mwingine akasema ni uti wa mgongo, na ndugu zao nje walikuwa wameshakubaliana ni nani aliyewaroga. Kwenye raundi mganga mfawidhi alisema "tutaangalia" mara mbili. Kadi ya siku ile ilisema "natafuta".

Alipekua alichokuwa nacho. Index Medicus, ile faharasa kubwa ya makala za utabibu za dunia nzima, ilikuwa imekatika kwetu tangu fedha za kigeni zilipoadimika, lakini jarida la Shirika la Afya Duniani lilikuwa bado linatufikia kwa posta. Humo ndimo alimokuta makala mbili kutoka Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, juu ya watu zaidi ya 1,000 wa Nampula waliokakamaa miguu namna ileile mwaka 1981. Chanzo kilikuwa muhogo mchungu. Ukame unapokaza, kilichobaki shambani ni muhogo wenye sumu ya sayanaidi nyingi. Njaa haingoji, watu wanapunguza siku za kuloweka na kuanika, na nyumbani hakuna maharage wala samaki wa kuusaidia mwili kuivunja sumu hiyo. Nilikuwa nimejiandaa kuandika kuwa kisa chetu kilikuwa cha 1983. Toleo lenyewe la jarida ni la 1984, kwa hiyo hakikuwa kabla ya hapo. Tuuache mwaka.

Wale watatu hatukuwaponya, maana miguu ikishakakamaa kwa ugonjwa ule hairudi. Lakini wiki ileile bwana afya alipanda pikipiki hadi kijijini, akakaa na akina mama juu ya kuloweka na kuanika, na mtuhumiwa wa uchawi akaachwa kwenye nyumba yake. Kile kijiji hakikutuletea mgonjwa mwingine wa namna ile. Yote yalianzia kwenye kadi moja iliyoandikwa kwa mkono.

Asipopata kitu aliandika barua Dar es Salaam. Nakala ya makala ilirudi kwenye bahasha ya kaki, mkononi mwa kondakta wa basi, na enzi hizo Rufiji ilivukwa kwa pantoni. Mvua zikichachamaa, bahasha ililala ng'ambo wiki tatu. Mama Vitabu alikwenda stendi kila jioni kuiulizia, utadhani anamsubiri mwanawe anayetoka shule ya bweni.

Mengine yalikwenda mbio. Alistaafu, nafasi yake haikujazwa. Ufunguo ukakaa kwa mhasibu, halafu kwa mlinzi, halafu haukujulikana uliko. Mimi nikasoma zaidi, nikahamishwa wilayani. Huko tukapokea moja ya yale masanduku ya buluu ya Shirika la Afya Duniani, yenye vitabu zaidi ya 100 vilivyochaguliwa kwa ajili ya wilaya za Afrika. Liliandikwa kwenye leja, likafungwa stoo lisiibiwe. Halikuibiwa, wala halikusomwa. Mwaka 1997 PubMed, faharasa ya makala za utabibu kwenye intaneti, ikafunguliwa bure kwa watu wote. Mwaka 2002 ikaja HINARI, mpango uliotupa majarida ya bei kubwa bila malipo au kwa malipo madogo. Mwaka 2004 Index Medicus ikaacha kuchapwa. Ndipo wakubwa walipopata la kusema: kila kitu kipo kwenye intaneti, mkutubi wa nini?

Wa kutafuta. Mwaka 2001, katika Johns Hopkins, moja ya hospitali zenye sifa kubwa duniani, binti wa miaka 24 mwenye afya njema alijitolea kwenye utafiti wa pumu, akavutishwa dawa iitwayo heksamethoniamu, akafariki. Mtafiti alikuwa ametafuta kwenye PubMed, ambayo wakati ule ilianzia 1966. Makala zilizotaja madhara ya dawa ile kwa mapafu zilikuwa za miaka ya 1950, nazo zilikuwa rafuni. Wakutubi hawakuchukua muda kuzipata, lakini waliulizwa baada ya kifo.

Si hadithi za kutisha peke yake. Mwaka 1992 mtafiti Joanne Marshall alichapisha utafiti kutoka hospitali za Rochester, jimbo la New York. Madaktari waliiomba maktaba taarifa juu ya mgonjwa halisi waliyekuwa wanamtibu, na asilimia 80 wakasema taarifa ile iliwafanya, au huenda iliwafanya, wabadili jambo katika kumhudumia.

Na tuje nyumbani. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti wa watoto 3,141 wa Uganda, Kenya na Tanzania, wakiwemo wa hospitali ya Teule, Muheza. Walikuwa na homa kali na damu isiyozunguka vizuri; wenye kuharisha hawakuhusishwa. Waliomiminiwa dripu kwa kasi walikufa zaidi: zaidi ya 10 katika kila 100 ndani ya saa 48, dhidi ya 7 kwa wasiomiminiwa. Sisi wazee tulifundishwa kumimina. Miaka kadhaa baadaye, katika hospitali moja nisiyoitaja, nilimkuta muuguzi akimimina vilevile kwa mtoto wa malaria. Simu yake ilikuwa na bando na makala hiyo ingefunguka bila kulipia senti, lakini hakuna mtu aliyewahi kumwambia kuwa ipo. Zamu yake ilikuwa na wagonjwa arobaini. Atafute saa ngapi?

Kazi hiyo inahitaji mtu anayelipwa kuifanya, anayejua kutofautisha utafiti na tangazo la kampuni ya dawa, na anayejua nani wodini anahitaji nini leo. Yule interni ana majarida mengi kwenye simu yake kuliko tuliyowahi kuyaona sisi, na hana Mama Vitabu. Nawaomba waganga wafawidhi na bodi za hospitali: mkikaa kupanga bajeti, kabla ya rangi ya wodi za kulipia, ombeni mkutubi mmoja. Mpeni meza, kompyuta na daftari, kisha mruhusuni afuate raundi. Chumba si lazima.