Barua kutoka Stuttgart: Mke wa Askari na Neno "Mtegemezi"

Katika lugha ya mikataba ya kijeshi, mke anayemfuata mumewe askari hadi kambi ya ng'ambo hana jina la kazi. Analo jina la uhusiano tu, nalo ni mtegemezi. Neno hilo limo katika Mkataba wa Hadhi ya Majeshi uliotiwa saini London tarehe 19 Juni 1951, yaani makubaliano ambayo nchi wanachama wa NATO zilijiwekea ili askari wa nchi moja waweze kukaa katika ardhi ya nchi nyingine bila kupita katika taratibu za kawaida za uhamiaji. Ibara yake ya kwanza inastahili kusomwa polepole, kwa kuwa mtoto wa askari huhesabiwa mtegemezi ikiwa kweli anamtegemea mzazi wake kwa matunzo, ilhali mwenzi wa ndoa huhesabiwa hivyo kwa ndoa peke yake, awe na mshahara wake au asiwe nao. Ibara ya tatu inataka hali hiyo ielezwe ndani ya pasipoti. Kwa hiyo mwanamke wa Bagamoyo au wa Ubena aliyeolewa na askari wa Marekani na kuhamia naye Stuttgart, mji wa Ujerumani ambamo Kamandi ya Afrika ya jeshi hilo ina makao yake makuu, hufika akiwa ameshaelezwa kabla hajafungua kinywa.

Msomaji wa Pwani asidhani kwamba mambo haya ni mageni kwake. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann, aliyetumwa na serikali ya Ujerumani kuuzima upinzani wa Abushiri bin Salim, alikodi askari wa Kisudani mjini Kairo, na tarehe 8 Mei mwaka huo kikosi chake kiliishambulia ngome ya Abushiri karibu na Bagamoyo. Wasudani wengi walikuja na wake na watoto, kwa hiyo familia za kwanza za kijeshi kutoka ng'ambo zilizofuatana na jeshi la Wajerumani katika mwambao huu zilikuwa za Kiafrika. Kikosi hicho kilipofanywa jeshi rasmi la koloni mwaka 1891, vijiji vya askari viliota kando ya maboma, na ndani yake wanawake, wengine wa Kisudani na wengine walioolewa humu humu, walilima, walipika, walipika pombe ya kuuza na kubeba mizigo ya safari. Katika vita vya 1914 hadi 1918 walitembea katika msafara wa kamanda wa jeshi hilo, Paul von Lettow-Vorbeck, uliovuka Ruvuma Novemba 1917 na kuweka silaha chini Abercorn, mji uitwao sasa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Wapo waliojifungua njiani na kuendelea na mwendo. Masimulizi ya maofisa huelekea kuwataja kama kero ya msafara, hukumu ambayo ni vigumu kuikubali, maana chakula cha askari kilipita mikononi mwao.

Kwa Mtanzania wa leo, mke wa mwanajeshi ni yule anayebaki. Askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) waliokwenda Kongo katika Brigedi ya Kuingilia Kati, iliyoundwa kwa azimio namba 2098 la Baraza la Usalama la Machi 2013, waliziacha familia nyumbani. Jeshi la Marekani katika Ulaya, kinyume chake, humruhusu askari kuhama na familia, kwa kawaida kwa miaka 3, kisha huwahamishia wote kituo kingine. Na hapo ndipo swali la kazi linapoanza kuuma.

Uuguzi unaonyesha ugumu huo vizuri kuliko fani nyingine nyingi, kwa sababu ni kazi inayotafutiwa watu kila mahali na bado haimfuati mwenye nayo. Muuguzi aliyesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, akitaka kufanya kazi katika hospitali ya Kijerumani, hana budi kuomba cheti chake kitambuliwe na kufikia Kijerumani cha daraja la B2 katika maeneo mengi, yaani ngazi ya nne kati ya sita, jambo linaloweza kumla muda mwingi wa kile kituo cha miaka 3. Akigeukia upande wa Marekani atakutana na NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi. Ni kweli kwamba tangu Januari 2023 sheria ya Marekani inalinda leseni ya mwenzi wa askari anapohama jimbo moja kwenda jingine, lakini ulinzi huo ni wa leseni iliyokwisha kutolewa huko. Ya Tanzania haimo. Wamarekani wenyewe hawajaupatia dawa ugonjwa huu, kwani uchunguzi wa Wizara yao ya Ulinzi wa mwaka 2021 ulikuta asilimia 21 ya wenzi wa askari waliomo katika soko la ajira hawana kazi.

Nafasi za serikali zilizomo kambini kwa kawaida hutaka uraia wa Marekani. Sheria ya nchi hiyo humruhusu mke wa raia aliyepangiwa kazi ng'ambo kuuomba bila kutimiza miaka ya ukaazi, na wanaoshauri kambini huueleza mlango huo kana kwamba hauna kizingiti. Kizingiti kipo Tanzania, ambako Sheria ya Uraia ya 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Hadhi maalumu iliyoandaliwa kwa watu wenye asili ya Tanzania inalenga kupunguza makali hayo, ila si uraia. Mwenye sehemu katika shamba la mananasi la Kiwangwa hupima basi mshahara wa dirisha la posta ya kambi dhidi ya ardhi ya marehemu babu yake, na asiyesaini haraka asiitwe mwoga.

Wengi huanza na kile kisichodai cheti: kusuka nywele, kushona, kupika pilau na sambusa za shughuli, kufundisha Kiswahili, au ukalimani, kazi iliyopata uzito Marekani kwa sababu wakimbizi wengi kutoka Kongo waliopokelewa huko huzungumza Kiswahili hospitalini na mahakamani. Upatu nao hufika ng'ambo pamoja na kanga. Hesabu yake, hata hivyo, hubadilika: mchezo wa watu 12 wanaochanga kila mwezi huhitaji mwaka mzima ili kila mmoja apokee, na pale ambapo majirani huhama kwa zamu zisizolingana, anayepangiwa kupokea mwisho hana budi kuuliza kwanza tarehe za uhamisho wa waume wa wenzake.